Taulo na Mpira Wenye Tope

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamume wa miaka arobaini na mitatu amekaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, anakamua taulo. Anakamua la kwanza, anakamua la pili, anakamua la tatu. La nne analigusa kwa mgongo wa kiganja kama mama anayepima homa ya mtoto, kisha analitia kifuani, ndani ya shati, lipate joto la mwili.

Banda la wabeba mifuko linavuja pembe mbili, na ndoo zimetegwa chini. Nje, uwanja wa gofu umelala kimya, maji yametuama kila bonde.

"Wewe shem, Mungu kakunyima mengi lakini si taulo," anasema shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Ni fundi viatu. Siku za mashindano hufunga kibanda chake akaja kumbebea mfuko wa fimbo. "Siku ukifa tutakufunika na lipi? Yote mabichi."

"Mtanianika kwanza," anajibu bila kuinua uso.

Wenzake wanamwita Taulo, na jina limemkaa kuliko alilopewa na wazazi. Ni mchezaji wa gofu wa kulipwa, na asubuhi hii hana hamu ya mzaha, ingawa shemeji yake anajitahidi. Amebakiza mashimo mawili. Jana jioni honi ya kusimamisha mchezo ililia mvua ikimwagika, kila mtu akaambiwa arudi leo amalizie.

Mashindano haya ni ya siku tatu na ndiyo ya kufunga msimu. Mizunguko miwili ikikamilika unafanyika mchujo: wanaobaki wanacheza siku ya mwisho na kulipwa, walioachwa wanafunga mifuko. Lakini kwa Taulo kuna kubwa zaidi. Wachezaji arobaini wa kwanza kwenye orodha ya mwaka hubaki na kadi zao za kucheza msimu ujao. Yeye ni wa thelathini na tisa. Akivuka mchujo, kadi ni yake. Asipovuka, arudi kwenye majaribio, akapange foleni na vijana waliozaliwa yeye akiwa tayari uwanjani.

Hesabu anaijua tangu jana. Mikwaju minne shimo la kumi na saba, minne la kumi na nane. Minane jumla. Ukizidi mmoja, kwisha habari.

Uwanjani aliingia akiwa na miaka kumi na minne, kubeba mifuko ya wenye fimbo. Alibeba miaka kumi na mmoja. Mkuu wa wabeba mifuko, mzee mkali ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na somo moja la kwanza kwa kila mgeni, na somo hilo alilipigia kofi.

"Alikuwa akisema, mpira mchafu ni aibu ya mbeba mfuko," Taulo anakumbuka. "Tajiri wako akifika kwenye mpira ukiwa na tope, jioni huitwi tena. Basi mkono ukazoea. Naona uchafu, mkono ushafika. Hata nyumbani nafuta vijiko ambavyo mama watoto ameshaviosha."

Alianza kucheza kwa malipo alipofika miaka thelathini, umri ambao wengine wanafikiria kupumzisha mgongo. Mara moja tu aliwahi kushika nafasi ya tatu, miaka sita iliyopita, na bati lililo juu ya nyumba yake ndilo ushahidi. Kati ya mashindano anafundisha wanaoanza. Wiki ya kiangazi hupata masomo ishirini. Wiki ya mvua, manne, na mawili kati ya hayo huahirishwa. Kiingilio kimoja cha mashindano ni malipo ya masomo kumi.

"Watu wakiona kofia nyeupe wanadhani tunakula meza moja na matajiri," anasema mkewe, ambaye anashona sare za shule sebuleni. "Mimi nikiona kofia nyeupe naona sabuni tu."

Mvua ilianza kuwatesa siku ya kwanza. Walicheza mashimo kumi na moja, honi ikalia, wakakaa bandani kwa saa sita wakitazamana. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na siku ile matumbo yaliuma kweli, kwa sababu waliokuja na chakula waliishia kukigawana na wasiokuja nacho. Shemeji alitumia muda huo kushona viatu vya wachezaji wawili bure. Wa tatu alimtoza. "Wema ukizidi unaitwa ujinga," alimwambia.

Kwa kuwa uwanja ulikuwa tope tupu, kamati ilibandika karatasi kwenye ubao: mpira ukiangukia kwenye nyasi fupi, mchezaji anaweza kuweka alama, akauinua, akaufuta na kuuweka chini upya. Taulo alifurahi kama kaandikiwa barua yeye peke yake.

Siku ya pili jua lilichomoza. Kamati ikabandua karatasi ile na kubandika nyingine. Hakuna kuinua. Mpira uchezwe pale ulipo na vile ulivyo.

Taulo aliisoma mara mbili, midomo ikicheza, kama mtu anayekariri dua.

Alasiri mawingu yakarudi bila hodi. Honi ilipolia, mpira wake ulikuwa katikati ya nyasi za shimo la kumi na saba. Mchezo ukisimamishwa hivyo, sheria inamruhusu mtu kuchukua mpira wake na kuufuta. Akaweka alama, akauchukua, akaufuta, akaenda nao nyumbani mfukoni.

Ndiyo maana asubuhi hii anarudi kwenye alama yake na mpira msafi mkononi. Anauweka. Anapiga. Mpira unatua kwenye majani laini yanayozunguka shimo, anausukuma mara mbili, unaingia. Minne.

"Bado minne mingine," shemeji ananong'ona. "Tulia, shem. Usinywe maji mengi, hakuna pa kwendea."

Shimo la kumi na nane, mkwaju wa kwanza unatoka safi, wa kumpendeza aliyeupiga. Mpira unaanguka katikati ya nyasi fupi na kukwama palepale, kwa sababu ardhi haina nguvu ya kuurusha. Wachezaji wawili alionao kundi moja mipira yao imeingia mitini upande wa kushoto, wote wameinama huko wakitafuta.

Na hapo ndipo kiatu cha fundi viatu kinapobanduka soli.

Tope limekinyonya, mguu umetoka, soli imebaki chini. "Tangulia!" shemeji anapiga kelele, amesimama mguu mmoja kama korongo, mfuko begani. "Tangulia, nakuja!"

Taulo anatangulia peke yake chini ya mwavuli. Anaufikia mpira. Una donge la tope shavuni, la ukubwa wa punje ya kunde. Anainama, anachomeka kijiti cha alama, anauinua, anachomoa taulo la kifuani, lile moja kavu, anaufuta. Anaufuta vizuri, kama alivyofundishwa.

"Ulipong'aa ndiyo nikaona," anasimulia. "Nikasikia yale maneno ya karatasi kichwani, kama mtu ananisomea. Dakika ishirini nyuma niliruhusiwa, shimo moja tu nyuma. Hapa hapana."

Mazoea yana taabu, waliosema hivyo hawakukosea. Anageuka kushoto: migongo miwili mitini. Anageuka nyuma: shemeji anafunga kiatu kwa kamba. Tope lenyewe liko kwenye taulo, bado bichi.

"Hata kulirudisha ningeweza," anasema, na sauti inashuka. "Nililiangalia. Sitasema sikuliangalia."

Alilitazama kwa muda gani hajui. Kisha akanyoosha mkono juu na kumwita mwamuzi.

Mwamuzi alifika kwa kigari chake, koti linatiririka maji.

"Ulisoma tangazo la jana?"

"Nilisoma mara mbili."

"Sasa?"

"Sasa nimeufuta."

Mwamuzi alishusha pumzi. "Mkwaju mmoja wa adhabu. Urudishe palepale."

Shemeji alifika akichechemea, akasikia neno adhabu, akashika kichwa. "Nani kakuona? Hakuna aliyekuona hapa! Mwamuzi, nani kamshtaki huyu?"

"Kajishtaki," mwamuzi akasema.

"Shem!"

"Najua," Taulo akajibu. "Nipe fimbo namba nane."

Minne bado iliwezekana, ingawa kwa uchawi. Mkwaju mmoja alishapiga, mmoja wa adhabu, huu wa tatu ungetua karibu na bendera, na wa nne uingie. Akapiga namba nane. Shemeji anaapa kwamba kwa miaka tisa ya kumbebea mfuko hajaona mkwaju mzuri kama ule. Mpira ulipaa ndani ya mvua, ukatua, ukasimama mita mbili kutoka kwenye shimo.

Mita mbili. Siku ya kiangazi angeusukuma huku akipiga soga.

Lakini majani yalikuwa yamelowa, maji yakionekana kati ya nyasi kama jasho kwenye kipaji cha uso. Taulo alisukuma kwa nguvu aliyoona inatosha. Mpira ulikwenda njia iliyonyooka, ukarusha vitone nyuma yake, ukapunguza mwendo, ukasimama. Upana wa kiganja ulibaki, si zaidi.

Akaugonga ndani. Mitano.

Alikosa mchujo kwa mkwaju mmoja. Alivua kofia, akawapa mkono wenzake, akatia saini karatasi yake kwa kalamu iliyokataa mara mbili kuandika.

Saa nane mchana, mzunguko wa mwisho ukisubiri maji yapungue, wao wakiwa bandani wanafunga mfuko, mvua ikaja kubwa kuliko zote. Saa tisa kamati ikatangaza: uwanja haufai tena, mzunguko wa mwisho umefutwa, mashindano yamekwisha. Waliovuka mchujo watalipwa na kupewa alama zao kama walivyo.

Hawakupiga hata mkwaju mmoja zaidi. Wengine walikuwa bado na vikombe vya chai mkononi.

"Yaani wewe ungekaa tu," shemeji alisema taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. "Ungekaa tu, shem, ukalipwa."

Taulo alifunga zipu ya mfuko. Orodha ilipotoka wiki hiyo, alikuwa wa arobaini na mbili.

Nyumbani alimweleza mkewe mlangoni, kabla hajavua viatu. Mkewe aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mshono ukafika mwisho.

"Sikusema kitu kwa sababu nilikuwa na pini mdomoni," anasema mama huyo. "Na pini zilipotoka, nikaona nisiseme. Nilikasirika, sitaki kudanganya. Sare ishirini nimeshona kwa ajili ya kiingilio kile. Nikamuuliza moja tu: ni taulo lipi? Akalitoa kifuani."

Leo taulo hilo ni tambara la deki. Liko chini ya mlango wa jikoni, linazuia maji ya mvua yasiingie.

"Alinionea huruma," Taulo anasema. "Angeweza kulitundika ukutani."

Majaribio ni baada ya wiki tano, na wanaosoma anga wanasema mvua itakuwa haijaisha. Watakuwa wachezaji zaidi ya mia moja, kadi kumi. Wengi wanapiga mpira mbali kuliko yeye. Dada yake mkubwa amemshauri kwa upole afikirie kazi ya kudumu ya kukata nyasi uwanjani, na ushauri huo hakuukataa. Aliomba tu umsubiri wiki hizo tano.

Mkewe ameshaanza sare nyingine. Amezikunja kwenye kona, nane kufikia sasa. Shemeji amejishonea viatu vipya, soli mbili.

Naye Taulo ana zoezi alilojitungia. Kwenye kizingiti cha dirisha la sebule, mbele ya cherehani, ameweka mpira mmoja wa gofu wenye tope. Kila asubuhi tope likikauka na kupukutika, anaupeleka nje, anaubandika tope bichi, anaurudisha. Kisha anasimama mbele yake mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa shule. Anautazama mpaka dakika kumi zipite, ndipo anapochukua mfuko na kwenda kazini.

Nyumba nzima imeingia kwenye zoezi hilo. Mkewe anafuta vumbi kulia na kushoto ya mpira. Kitinda mimba wao, binti wa miaka sita, hawezi kuelewa.

"Baba, mchafu huu."

"Najua, mama. Uache."

"Nikuoshee?"

"Uache hivyohivyo."

Anataka afikishe siku ishirini na moja mfululizo bila mkono kwenda. Akizifikisha, anasema, ataingia kwenye majaribio akiwa na hakika ya kitu kimoja angalau. Mengine ni ya Mungu na ya majani mabichi.

Amefika siku ya ngapi?

Taulo anautazama mpira. Vidole vya mkono wa kulia vinajikunja, vinakunjuka. Juu, kwenye bati la nafasi ya tatu, mvua inaanza tena, kwanza tone tone, kisha kwa pamoja.

"Nilifika ya tisa," anasema. "Jana niliufuta. Leo ni ya kwanza."