Nyota Zilipozimika Juu ya Mto wa Mchanga

Harufu ya mchanga mbichi bado hunishtua. Mwaka ule wa ukame, miaka ya tisini, nikiwa darasa la nne, mto wetu kule Ukambani, chini ya Masii, ulikuwa mchanga mtupu, na maji tuliyafuata chini kwa jembe na subira. Shimo la mama lilikuwa limemzidi kimo. Mchana lilikauka, usiku maji yalichuruzika tena, kwa hiyo tulitoka nyumbani kabla jogoo wa kwanza hajawika, tukifuatana bila taa. Desturi ilikuwa moja na haikuvunjwa: mmoja huingia shimoni kuchota, mwingine husimama juu kuusikiliza mto. Mvua ikinyesha mbali milimani, mto huja ghafla hata kama kwenu halijadondoka tone. Aliye shimoni hasikii kitu.

Msikilizaji nilikuwa mimi, na nilikuwa msikilizaji mbaya, kwa sababu ya nyota. Usiku mmoja zilikuwa nyingi mno, zimeshuka karibu mno. Kanisani tuliambiwa Mungu yuko mbinguni. Usiku ule niliamini, na sikufurahi, niliogopa. Nilihisi natazamwa. Chini yangu kata ya mama iliendelea kukwangua mchanga, nami nikaisahau.

Kisha nyota za upande wa milima zikaanza kuzimika. Zile za chini kwanza, halafu zilizo juu yake, kama mtu apitaye akizima koroboi nyumba baada ya nyumba. Nyota zikizimika hivyo ni mawingu ya mvua, na mtoto yeyote wa Ukambani analijua hilo, ila mimi nilidhani naonyeshwa muujiza. Nikanyamaza nisiukatize. Nilinyamaza muda mrefu, na hilo sijawahi kumwambia mtu.

"Mwaitu," nikasema hatimaye, ndivyo tunavyomwita mama, "nyota za huko milimani zimeisha."

Kata ikatulia. "Zimeisha saa ngapi?"

"Kitambo."

Hakunigombeza. Alipanda kwa vidato alivyochimba ukutani mwa shimo, akanishika mkono. "Wacha hiyo mitungi. Twende juu, na usiangalie nyuma."

Tulikuwa tumefika ukingoni tu mto ulipokuja ukinguruma, umebeba matawi na matope. Shimo lilijaa mara moja, likatoweka. Mama aliketi chini, mkono wangu ungali mkononi mwake, hadi kulipopambazuka.

Siku hizi naishi mjini, Syokimau. Maji yako bombani, siku yakipenda, na taa za barabarani zimefuta nyota karibu zote. Wanangu wanamjua Mungu kwa nyimbo za Jumapili na makofi, nami nafurahi kwa ajili yao. Mimi nilimjua akiwa kimya juu ya kichwa cha mama yangu, akinisubiri niseme. Ndiyo maana wengine wakifumba macho kusali, yangu hubaki wazi.