Kikohozi cha Kipaza

Mtaani walimwita Bubu, na mkewe Kipaza. Watu walitania kwamba sauti ya nyumba nzima kapewa mmoja. Bubu alishona viatu, kimya. Kipaza alishona nguo tangu asubuhi, na jioni akaenda shuleni kuwafundisha wasichana kushangilia timu ya mpira. Miaka ishirini.

"Anayeshinda ana mdomo wake," alizoea kusema. "Mshangilieni anayefungwa."

Timu yenyewe ilifungwa mno. Kazi haikumwishia.

Sasa Kipaza ana miezi miwili kaburini, na leo kuna mechi kubwa. Wakati wa mapumziko wasichana sita watajenga mnara: watatu chini, wawili mabegani mwao, mmoja kileleni. Wa kileleni ni mjukuu wake. Tangu msiba ameanguka mara mbili mazoezini, kiwiko bado kina bandeji.

"Babu, nikianguka na leo, naacha. Naacha kabisa."

Bubu akamwekea viatu miguuni. "Viatu nimevitia soli mpya," akasema.

Mapumziko yakafika. Wameshafungwa mawili. Mwalimu mpya akasimama mbele, akapiga kofi. "Moja!" Kofi. "Mbili!" Kofi. "Tatu!"

Mguu wa binti ukanyanyuka, ukasita hewani. Mnara ukayumba. Wa chini akalia, "Wee, nashindwa!" Binti akateleza, wenzake wakamdaka.

"Mnajenga au mnabomoa?" mtu akapiga kelele upande wa pili. Kicheko.

"Jipangeni upya," mwalimu akasema.

Kutoka jukwaani Bubu alimkazia macho mjukuu. Hesabu ya mwalimu ilikuwa sawasawa. Lakini yule mtoto hakutazama mikono ya mwalimu. Alitega sikio. Anangoja nini?

Ndipo akakumbuka.

Kifua cha Kipaza kilijaa vumbi la vitambaa. Kila jioni Bubu alipokwenda kumchukua shuleni alimsikia: kabla ya kofi la tatu, mkewe alikohoa. Miaka yote hiyo wasichana walipanda kwa kikohozi, wala wenyewe hawakujua.

"Moja!"

Bubu akasimama. Maishani mwake hajawahi kupaza sauti mbele za watu.

"Mbili!"

Akakohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, kutoka chini kabisa ya kifua, kama alivyokisikia kitandani miaka arobaini.

Soli mpya ikakanyaga bega. Ya pili ikafuata. Binti akanyooka kileleni, mikono wazi, na uwanja ukalipuka. Kando ya Bubu kitoto cha kike kikamvuta mama yake nguo: "Na mimi nataka kule juu!"

Timu ilifungwa matatu. Wasichana walishangilia mpaka filimbi ya mwisho.

Njiani mjukuu akamgeukia. "Babu, ni wewe uliyekohoa?"

"Vumbi."

Akamshika mkono. "Jumatatu mazoezi saa kumi. Uje na vumbi lako."