Mfupa Juu ya Tai

Enzi zetu, wenzangu mliosoma shule za vijijini huku Ufipa mtakumbuka, mtoto alikwenda shule na mzigo: kuni kichwani, ufagio kwapani, na Ijumaa mbolea ya ng'ombe kwenye kipande cha kiroba. Baridi ya Juni ilitupasua midomo, uji wa ulezi uliisha tumboni kabla hatujamaliza mlima, na bado tuliwahi namba. Watoto wa leo wanafuatwa na basi mlangoni na wanafika wamechoka, maskini.

Shuleni kwetu kulikuwa na mfupa. Msiniulize aliuleta nani. Taya la ng'ombe, limefungwa kamba ya katani, na aliyeropoka lugha ya nyumbani alivishwa shingoni mpaka amnase mwenzake. Aliyekutwa nao jioni alichapwa, kisha akachota maji ya walimu. Sisi tuliokuwa tunaota kwa Kifipa tulijifunza kunyamaza. Mwanafunzi aliyenyamaza siku nzima alisifiwa kwamba ana Kiswahili safi.

Kisha wakaja Wasukuma na ng'ombe wao, wakajenga bondeni, na Kabula akaletwa darasani kwetu. Kiswahili hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Mfupa ukapata mwenyewe. Na sisi, ambao Kiswahili chetu kilikuwa cha kukokota, tulimcheka mpaka tukashika mbavu. Haukupita muda, baba yake akatufuata mstarini asubuhi na fimbo yake ya kuchungia.

"Kama shule ni kuvaa mifupa," alisema, "nyumbani ninayo mingi. Arudi akachunge."

Kabula alikuwa analia. Alitaka shule, yule mtoto, Mungu anajua aliipendea nini.

Mwalimu Mkuu wetu ndiyo kwanza alikuwa amehamishiwa kwetu, mtu wa kuvaa tai hata siku ya kulima shamba la shule. Akashuka ngazi, akampa mzee mkono.

"Mwangaluka, baba."

Kisukuma! Mbele ya shule nzima! Akaendelea nacho, Kisukuma cha kuungaunga cha kujifunzia mnadani, mpaka mzee akasahau hasira akaanza kumsahihisha. Walipomaliza, Mwalimu Mkuu akamwinamia Kabula, akamvua mfupa, akajivika mwenyewe juu ya tai.

"Sheria ni sheria," akatuambia.

Alifundisha hesabu nao. Mratibu wa elimu akaja na pikipiki, akapokelewa nao, akasaini kitabu cha wageni huku anatazama dari. Jioni tulibaki wote, kwa hiari yetu kwa mara ya kwanza, tuone nani atamchapa. Mwalimu wa zamu aliitafuta fimbo muda mrefu sana, ikiwa mkononi mwake. Basi Mwalimu Mkuu akachukua ndoo akashuka mtoni, na baba yake Kabula, aliyekuwa amekaa pale tangu asubuhi, akachukua ya pili akamfuata.

Kesho yake Kabula alikuja. Mfupa hatukuuona tena. Tuliambiwa umetafunwa na mbwa wa mlinzi. Hesabu tukazifanya kwa lugha tatu, Mwalimu Mkuu akiwa wa mwisho katika mbili. Leo Kabula ni muuguzi huko Matai, na wagonjwa wanapanga foleni kwake kwa sababu anawaelewa wote.

Siku hizi tumeendelea, bwana. Mwanangu wa mwisho anasoma shule ya Kiingereza hapa Sumbawanga mjini. Juzi amerudi na kibao cha plastiki shingoni, maandishi ya kompyuta, kamba laini kabisa. Kosa lake ni kuomba maji kwa Kiswahili.

"Umeona, Baba Neema?" mama yake akaniambia. "Hii shule iko makini."

Nikamwita mtoto. Hakuitika kwa lugha yoyote. Alikuwa jikoni, ameinamisha kichwa, kibao bado kinaning'inia.

Kesho nampeleka mwenyewe. Nitamsalimia mkuu wa shule yao kwa Kifipa, mstarini, watoto wote wakisikia, halafu nitainama anivishe.