Siku Sabina Alipovushwa Ziwa

Nikipita karibu na mashine ya kusaga unga hapa Majengo, pua yangu hunipeleka ziwani. Si harufu ya unga inayonipeleka, ni ule moshi uliochanganyika na mafuta ya mashine. Wajukuu wangu huziba pua na kukimbia. Mimi husimama pale pale na kuivuta harufu ile, mpaka mwenye mashine ananiuliza, "Bibi, umepotea?" Sijapotea. Niko ufukweni, nina miaka kama minane, nami namwonea dada yangu wivu.

Vita vya maji vilikuwa vimekwisha, lakini njaa ilikuwa haijaisha. Askari wa Wajerumani walikuwa wamechoma maghala yetu, na baba, aliyeondoka na wenzake akiwa amenyunyiziwa ile dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, hakurudi. Tulibaki watatu katika kibanda karibu na boma la Songea: mama, dada yangu Sabina na mimi. Mama aliwachotea askari maji ili apate pumba na makombo ya mahindi. Sabina alikuwa amenipita miaka kadhaa, ameshaanza kuwa mwanamwali. Alikuwa na shingo ndefu, na kicheko chake kilikuwa cha chini chini, kama mtu aliyeficha kitu kitamu mdomoni. Watu wakimwona walimsifu. Mimi walinipapasa kichwa tu na kupita.

Siku moja mama alirudi kutoka mtoni bila mtungi wake. Alikaa chini, akatutazama kwa muda mrefu, kisha akasema tutakwenda ziwani kwa kaka yake, mjomba Matayo. Mjomba alikuwa mchochea moto katika boti ya moshi ya wamisionari. Yeye ndiye angemvusha Sabina mpaka ng'ambo, kwa wazazi wa mke wake mjomba, ambako kulikuwa na mihogo na samaki.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe utabaki na mimi."

Masikioni mwangu maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: Sabina atakula samaki, mimi nitakula pumba.

Tulitembea siku nyingi kupitia milima ya Wamatengo. Njia nzima niliitazama kaniki aliyovaa Sabina, kwa sababu ilikuwa ndiyo nguo pekee nzuri ya mama. Mama mwenyewe alijifunga gome la mti, tena alitembea nyuma ya Sabina kama mtu anayechunga ng'ombe wa mahari. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, napiga mawe teke.

Boti ilikuwa ndogo kuliko nilivyoiota. Ilikuwa na bomba jeusi katikati, na harufu ile ile ninayowaambia. Mjomba alikuwa mfupi, nywele za mikono yake zimeungua zote kwa moto. Kumbe kuvuka ziwa si kupanda na kuondoka. Kwanza kuni zilikatwa na kuanikwa, maana kuni mbichi zingeweza kuizima mashine katikati ya maji. Nyufa za mbao zilizibwa kwa utomvu. Ndoo za kukumba maji zilipangwa mahali ambapo hata mtu aliyefumba macho angeziona kwa mkono. Nahodha, mzee wa Kinyasa asiyependa maneno mengi, kila alfajiri alikwenda kutazama mawimbi, kisha akarudi na neno moja tu: "Bado." Upepo wa mwera, ule mkali wa kusini, ulikuwa haujatulia.

Katika siku hizo za kungoja, mjomba alimfundisha Sabina. Alichukua vibuyu viwili vikubwa vikavu, akaviziba midomo kwa nta, akavifunga kwa kamba ili vimkae Sabina kwapani, kimoja kila upande.

"Mawimbi yakija, kaa chini," alimwambia. "Usisimame. Wenzako wakikimbilia upande mmoja, wewe usikimbie. Na ukiangukia majini usipigane nayo, viachie vibuyu vikushike. Umesikia, mwanangu?"

Sabina aliitikia, lakini maji yalipomfika kiunoni alipiga kelele na kumkumbatia mjomba shingoni. Walirudia, akalia. Wakarudia tena. Alipovivua na kwenda kujikausha, mimi nilivivaa, nikaingia, nikaelea chali kama jani huku nikitazama mbingu. Hakuna aliyeniona. Wote walikuwa wamemzunguka Sabina, wanampa mchuzi wa samaki ili apate nguvu za safari. Mimi nililetewa kichwa cha samaki, nacho kilinitazama kwa jicho ambalo hata lenyewe lilionekana kunionea huruma.

Hatimaye alfajiri moja nahodha alisema, "Leo."

Moto ulikokwa, boti ikaanza kutetemeka. Mizigo ikapakiwa, mizito chini, myepesi juu. Watu wakaingia mmoja mmoja na kuonyeshwa mahali pa kukaa. Ilipofika zamu ya Sabina, aliking'ang'ania kigingi kilichofungiwa boti.

"Mama, siendi! Nitakufa humo!"

Vibuyu vilikuwa mchangani. Nilivichukua, nikajifunga, nikaingia majini mbio mpaka ubavuni mwa boti. "Mimi nitakwenda! Mimi siogopi! Nipeni nafasi yake!"

Nahodha alicheka. "Mpakieni huyu mdogo basi. Mwepesi, tena hana kelele za uoga."

Kabla mjomba hajaninyanyua, mama alinifikia na kunichapa kofi. Hakuwa amewahi kunipiga, wala hakunipiga tena mpaka alipokufa. Alinivua vile vibuyu, akamfunga Sabina kwa nguvu hata kamba ikaacha alama, kisha akamnong'oneza jambo sikioni. Sabina akakiachia kigingi. Aliingia botini, akakaa chini kama alivyofundishwa, akashika ubao kwa mikono miwili. Boti ikatoa moshi, ikaondoka. Mama hakupunga mkono. Alisimama mpaka moshi ule ukaonekana mdogo kama unywele.

Tulipokaribia Songea mama aliketi kando ya kijito, akanyoa nywele zake, kisha akaninyoa mimi.

"Sabina amekufa kwa njaa njiani," akaniambia. "Yeyote atakayekuuliza, amekufa. Rudia."

"Amekufa."

Akaanza kulia kwa sauti, na kile kilio kilikuwa cha kweli. Majirani wakaja kutufariji. Akaja pia askari mmoja wa boma, mrefu, kofia mkononi, akamuulizia Sabina. Mama alikionyesha kichwa chake kilichonyolewa. Yule askari akasimama kidogo, akaivaa kofia yake, akaenda zake. Mimi nilikunja uso pembeni. Samaki amepewa Sabina, kaniki amepewa Sabina, na sasa hata kifo, tena cha uongo, kimepewa yeye, na askari wanakuja kumlilia!

Nilikuja kuambiwa na mama nilipokuwa mwanamwali mimi mwenyewe. Siku ile mama aliporudi bila mtungi, askari yule alikuwa amemwambia mtoni kwamba mwezi ukiandama atamchukua Sabina akae nyumbani kwake. Siku zile hakuna mama wa hapa aliyeweza kumwambia askari hapana. Boti kadhaa zilikuwa zimekwisha kuzama katika ziwa lile, na mama alijua. Alikuwa na watoto wawili, askari yule akamlazimu kumhatarisha mmoja ziwani, na mimi nikajitosa majini kuliongezea ziwa wa pili. Kofi lile lilitoka huko.

Sabina alirudi Wajerumani wenyewe wakiwa wamekwisha kuondoka. Alikuja na watoto wake, anasema Kinyasa kuliko lugha yetu. Mama tulikuwa tumemzika msimu mmoja nyuma. Nilimpeleka kaburini, tukakaa chini.

"Nani alimwosha?" akaniuliza.

"Mimi."

"Alikuwa na mvi?"

"Kichwa kizima."

Alichezea udongo kwa kidole. "Nimekuonea wivu miaka yote hii," akasema. "Kila siku niliyokula samaki nilisema, sasa hivi yule amelala mgongoni mwa mama."

Nilimshika mkono, nikaanza kumsimulia habari za mama, tangu tulipogeuka kutoka ufukweni: alivyotembea, alivyougua, kilichomchekesha, alivyopenda kulala. Wanawe walipokuja kutuita tukale, nilikuwa bado sijafika hata nusu.