Zariba ya Bwana Thiru

Jina lake kamili Thirunavukkarasu. Jaribu kulitamka na halua mdomoni, halafu uje tuongee. Watu wa Unguja hawakujisumbua, wakamwita Bwana Thiru, yakaisha.

Mtamil huyu alisomea kuchora majengo huko Madras, kisha akaenda Unguja kuchora majumba ya watu. Mapinduzi ya 1964 yakamfagia pamoja na majirani zake Waarabu, wote wakatua Maskati. Tajiri mmoja ndani ya lango la mji akamchukua amchoree nyumba. Majirani wakabaki nje ya lango, kwenye vibanda vya makuti ya mtende, sakafu mchanga mtupu. Na usijidanganye na magorofa ya leo ya mtaa wa Al Khuwair. Wakati ule hata kuziba ufa ukutani ulikuwa uombe ruhusa ya Sultani.

Watoto walizaliwa palepale mchangani, kitovu kinakatwa kwa kiwembe cha ndevu za baba. Baada ya siku chache mtoto anakakamaa, taya zinajifunga. Pepopunda. Bwana Thiru alipewa mmoja ampakate, naye yuko njiani kupeleka mchoro wa roshani. Akafia mikononi mwake. Kufika kwa tajiri, mchoro umekunjamana kama kitambaa cha pua, na yeye hataki kuzungumza roshani, anataka simenti iliyobaki.

Tajiri akampa. Ilikuwa imeshaanza kuganda, kwa hiyo thawabu ya bure.

Mpango wenyewe mdogo: chumba kimoja nje ya lango, sakafu ngumu ya kuosheka, madirisha mawili, birika la simenti la kuwekea maji. Wanawake wazalie humo. Masouda, mmoja wa majirani wa vibandani, mimba yake ya kwanza, alishachagua pahala kabla ukuta haujapanda.

"Hapa pangu. Atakayepagusa namng'ata."

Ikabaki ruhusa. Bwana Thiru hajui Kiarabu, basi akafuatana na Amur, ami yake Masouda. Huyu Unguja nzima alijisifu Mwarabu safi. Kufika Uarabuni, Kiarabu chake kinaishia kwenye salamu na vyakula. Barazani, karani Marhoon akauliza wanataka kujenga nini.

"Mwambie banda, Bwana Amur. Banda la wazazi."

Amur akapekua kichwani. Banda, banda... Akalipata, akalitema kwa kishindo: "Zariba!"

Marhoon akacheka, akaingia ndani, akatoka na ruhusa. Amur akarudi anatembea kama bwana harusi. "Umeona, Thiru? Neno moja tu!"

Neno moja kweli. Zariba ni zizi la mbuzi.

Chumba kilipokwisha, Marhoon akaja kukagua. Akachungulia, akawaona wanawake wanatandika mikeka.

"Mbuzi wako wapi?"

"Mbuzi gani?" Amur akauliza.

"Mmeruhusiwa zariba. Watu watoke."

Amur akajaribu kurekebisha, lakini kila akieleza anaongeza mnyama mwengine. Bwana Thiru akapiga magoti, kwa Kiswahili, kwa Kitamil, kwa mikono. Marhoon akaona hapa kazi rahisi: akaleta mbuzi wake mwenyewe. Sakafu waliipenda sana.

Masouda akazaa kibandani, mtoto wa kiume, sauti kama adhana. Wiki haikwisha akakakamaa mithili ya kijiti. Walipokuwa wanamzika, mbuzi wanakunywa birikani, wazima wote.

Bwana Thiru hakuchora tena. Akawa anazunguka vibandani na sufuria, sabuni na viwembe vya kuchemsha, Masouda nyuma yake na kuni. Wanaume wakapata mchezo.

"Mkunga Thiru! Na mimi nna tumbo, njoo nipime!"

"Hilo la ubwabwa, bwana. Nipe kiwembe chako nichemshe."

Wapo waliopona, wapo waliokufa. Tajiri akachoka kuwa na mchoraji asiyechora, akamfukuza, na mgeni asiye na tajiri hana ruhusa ya kukaa. Mwanzoni mwa 1970 wakampakia meli ya Bombay. Alimwachia Masouda sufuria. Hakuna aliyemsikia tena.

Julai Sultani akapinduliwa na mwanawe, amri za zamani zikaanguka. Amur akaja mbio hana hata kofia.

"Masouda! Sasa unajenga unachotaka!"

"Na mbuzi, ami?"

Akaenda kuomba ruhusa ya kuwatoa, wallahi, huku Masouda keshawasukuma nje na ameshaanza kukwangua mavi. Marhoon akaja mwenyewe, akasimama mlangoni, anashangaa kikwelikweli.

"Ruhusa ya nini? Mlikuwa mnangoja nini miaka yote hii?"

Masouda akageuka na beleshi limejaa, akamwagia lote miguuni.

"Samahani, bwana. Sikuona mtu."