Mungazi wa Mama Kule Bule

Gunia lililolala nje kwenye umande wa Bule lina harufu yake, ya viazi vilivyoanza kuoza, moshi na mbwa aliyelowa, na karibu kila asubuhi ya utoto wangu nililishika mikononi. Kabla ya kunawa uso, kabla ya chai, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenda nyuma ya jiko, kupanda juu ya kigoda na kuuvua mti nguo. Ndiyo, mti. Watoto wengine walitumwa kufungua mbuzi. Mimi nilitumwa kufungua gunia lililofunika moyo wa mchikichi, ambao sisi tunauita mungazi, kisha nilianike ukutani likauke ili jioni tuufunike tena. Vidole vilikufa ganzi. Anayeifahamu milima ya Djugu anajua kwamba mungazi haukai kule juu. Kule ni kwa viazi, kabichi, maharage na ng'ombe. Mungazi ni mti wa joto, wa kule chini ziwani alikozaliwa mama yangu. Lakini mama alikuwa na wake mmoja, umedumaa, majani yake yamekuwa ya manjano kwenye ncha, na mti huo ulinitesa kuliko mwalimu yeyote wa hesabu.

Sababu niliijua mapema, kwa kuwa mama hakuificha. Alipotaka kuolewa na baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi kutoka milimani, babu alikataa katakata. Huyo alikuwa binti yake wa mwisho, na alimtaka mkwe wa karibu, mtu wa nyavu, si mtu wa chaki asiyejua hata kuogelea. Mama akaondoka hivyo hivyo. Babu akasimama mlangoni mbele ya majirani, akamwambia: "Siku mungazi itazala kule kwenye baridi yenu, ndiyo siku utakanyaga tena hapa kwangu." Mtu mwingine angelia mwezi mzima, halafu angetafuta mjomba wa kumwombea msamaha. Mama yangu hakuwa mtu wa kuomba. Alimwagiza Mama Jakisa, mwanamke aliyepandisha samaki wakavu hadi soko la Bule na kushuka na viazi, amletee mche wa mungazi kutoka ziwani. Akauchimbia shimo. Kama babu alitaka mungazi uzae kwenye baridi, basi utazaa, na yeye atabeba ngazi zake, yaani mikungu ya chikichi, kichwani hadi mlango uleule.

Nakiri kwamba aliufanyia kazi kwa akili. Aliupanda karibu kabisa na ukuta wa jiko, upande wa mafiga, ili joto la moto lipenye udongo na kuufikia. Aliuzungushia mawe meusi yanyonye joto la jua mchana na kulitoa taratibu jioni. Upande unakotokea upepo alisimamisha uzio wa matete, na chini akamwaga majivu na nyasi kavu. Mvua ya mawe ilipoanza kugonga mabati sote tulikimbilia nje na beseni, mikeka na hata meza ya baba, tukaukinga mti huku vichwa vyetu wenyewe vikipigwa. Moto wa jiko haukuruhusiwa kuzimika, na kuni nilitafuta mimi. Nilikuwa nachukia. Nilimchukia babu ambaye sikuwahi kumwona, na mara nyingine nilimchukia mama pia, kwa kuwa mchana kutwa aliniuliza kama nimeufungua mti, wala haikumjia kuniuliza kama nimekula.

Nilikuwa na miaka kumi na moja mungazi ulipotoa maua. Asubuhi moja niliondoa gunia nikakuta kati ya makuti kitu kimechanua, vidole vingi vya rangi ya maziwa, vimejaa unga na vinanukia utamu uliowaleta nyuki. Mama alipiga kigelegele kimoja tu, akajifunika mdomo. Siku ile ile alitoa kitenge kipya sandukuni, akasema hicho ndicho atakachovaa kwenda ziwani, na kwamba mimi nitaenda naye kumbebea mkungu wa pili. Nilianza kuhesabu wiki. Maua yakakauka, yakawa meusi, yakaanguka. Yakaja mengine, yakanukia vilevile, yakaanguka vilevile. Mara ya tatu jirani yetu Muzee Lonema, ambaye alipanda mipapai na kwa hiyo alijiona mtaalamu wa miti yote duniani, alikuja, akauzunguka mungazi, akashika kidevu. Akamwambia baba: "Mwalimu, hii mungazi iko dume. Sawa vile papai dume. Itatoa maua mupaka utachoka, haitazala." Baba alikuwa mtu wa vitabu, mtu wa kusahihisha wenzake hata kanisani, lakini siku hiyo aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Hakuna aliyemuuliza Muzee Lonema amejulia wapi.

Mama akasema neno moja, "Kata," akaingia ndani. Baba akachukua shoka. Ulianguka kabla ya chakula cha mchana, na makuti yakapelekwa kanisani kwa ajili ya Jumapili ya Matawi. Nieleze pia jambo ambalo sijawahi kumwambia mama: nilifurahi. Nilifikiria asubuhi zangu, kwamba sasa nitalala hadi jua litoke. Kitenge kilirudi sandukuni, wala sikuuliza habari zake.

Mwaka haukuisha, Mama Jakisa akaleta habari kwamba babu amefariki. Kifo kilifungua mlango ambao mungazi ulishindwa kuufungua, na mama alishuka ziwani kwa mara ya kwanza tangu aolewe, mimi nikiwa pembeni yake. Siku ya pili ya kilio mdogo wake wa kiume alimshika mkono akamwambia: "Muzee alikuwa anauliza kila saa. Mutu akitoka tu Bule na viazi, anamuuliza: mungazi ya mutoto wangu imezala? Watu walikuwa wanamucheka, na hakuacha." Mama alimgeukia Mama Jakisa, aliyekuwa ameketi mkekani na wanawake wengine. Mama Jakisa akaangalia chini. "Hata miye alikuwa ananiuliza," akasema. "Nilizani anakucheka. Niliogopa kukuletea ile maneno, utaumia." Miaka yote ile mwanamke huyo alipanda na samaki na kushuka na viazi, na swali lile lile ameling'ang'ania tumboni kwa wema. Hadi leo nikimkumbuka damu inanichemka, na sijui nimlaumu kwa nini hasa, maana alitupenda.

Halafu kuna lile nililojifunza nikiwa mtu mzima hapa Bunia, tulikokimbilia wakati wa vita kama wengine wote wa kule juu. Agronomu mmoja, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa mpangaji wetu, alinieleza kwamba mungazi hauna dume wala jike. Mti ule ule hutoa maua ya kiume kwa muda, kisha ya kike, na ukiwa mchanga au ukipata shida, kwa mfano baridi, hukawia sana kwenye yale ya kiume. Nikamuuliza, je, wa kwetu ungezaa? Akasema labda, baada ya mwaka mmoja au miwili, tena vitunda vichache vikavu, visivyo na mafuta ya kukaangia hata yai. Nilimjibu kwamba kimoja kingetosha. Hakunielewa, akadhani natania.

Mama sasa anaishi nami. Hivi karibuni nilimuuliza kile nilichobeba miaka yote: kwa nini hukushuka tu mikono mitupu? Ilikuwa safari ya siku mbili. Aliendelea kuchambua maharage. "Na yeye," akasema, "njia ya kupanda hakuiona?" Nilikasirika, nikaenda kuinjika sufuria ya maharage.

Binti yangu anasoma Kisangani. Mwaka huu amenitangazia mchumba ambaye simpendi hata kidogo, na nilimwambia hivyo kwenye simu kwa sauti iliyomfanya jirani achungulie juu ya uzio. Nikakata. Kabla mboga haijaiva nilikuwa nimeshampigia tena. Ndivyo ninavyofanya siku zote: niwe na haki, nisiwe na haki, ninayepiga ni mimi. Akacheka. "Mama, weye hauna musimamo hata kidogo." Nilimwambia ni kweli, sina, na Noeli amlete huyo mtu wake tumwone.