Chumvi ya Burma

Nyumbani kwetu Kathonzweni, kijana akiingia jeshini haombewi tu na mchungaji. Baba humsimamisha mlangoni, humwekea chumvi kidogo kwenye ulimi na kumwambia, "Umelamba. Hurudi mpaka wakuachilie." Majirani hudhani ni mila ya Kikamba. Si ya Kikamba hata kidogo, babu aliitoa Burma.

Huko, katika Vita vya Pili vya Dunia, Wazungu walimpachika babu kwenye kikosi cha Wahindi, awe anabeba risasi. Alikiheshimu kikosi hicho kuliko kanisa. Alitusimulia jinsi mtoto alivyoingia kampuni ileile aliyotumikia baba yake, akapokea chumvi mbele ya bendera kutoka mkononi mwa askari mzee, na chumvi hiyo ndiyo ilikuwa kiapo chake. Alipenda sana kisa cha kijana mmoja wa zamani aliyelamba, akaona vita, akatoroka hadi kwao. Baba yake, mstaafu wa kikosi hichohicho, hakumgombeza. Alivaa sare yake, akamshika mkono, akamtembeza mpaka langoni mwa kambi. "Halafu baba mtu akageuka, akaenda zake," babu alimalizia, uso umejaa fahari. Sisi watoto tulipiga makofi. Hakuna aliyeuliza kijana alifanywa nini.

Baba yetu alistaafu akiwa sajini, na kisa kile alikimeza kizima kizima.

Kaka yangu alitokea Jumamosi moja asubuhi tukichambua ndengu uani. Alipaswa kuwa mpakani, upande wa Somalia, na likizo yake ilikuwa bado mbali. Hakuwa na begi. Viatu alivyovaa vilikuwa vya kuazima, vinampwaya.

"Umepewa ruhusa?" baba aliuliza.

"Tata, gari ya mbele yetu ilikanyaga bomu. Ni mimi niliambiwa niwaokote." Aliziangalia ndengu badala ya kumwangalia baba. "Siwezi rudi huko. Siwezi."

Mama alikuwa tayari amemkumbatia. Baba hakufoka, na mimi nilitamani afoke. Huyu ni mtu wa kupandisha sauti kwa sababu ya chai isiyo na tangawizi, na sasa alikuwa mpole, upole wa kuogofya. Akaniambia nimpigie pasi suruali yake ya kaki. Nilijua anakwenda wapi nayo. Nikamjibu ajipigie mwenyewe, na sijutii. Akajipigia. Tulikaa uani tukisikia pasi ikigonga meza, na kaka naye anasikia. Baba alipotoka alikuwa na bereti kichwani na viatu vinang'aa.

"Baba watoto, ngoja," mama alisema. "Ile siku haikuwa chumvi. Mimi nilibadilisha, nikaweka sukari kwa kile kisahani. Huyu hajaapa kitu."

Alikuwa anadanganya. Nilikuwepo siku hiyo, nilimwona kaka akikunja uso. Lakini baba alisimama palepale. Kama hakukuwa na chumvi, basi hakukuwa na kiapo, na yeye hakuwa na mtu wa kumpeleka popote. Niliona wazi kwamba alitaka kuamini.

"Wewe ndiye ulionja," alimwambia kaka. "Ilikuwa nini?"

Nilimkanyaga kaka mguu. Sema sukari, mjinga wewe, sema sukari tukapike chai.

"Chumvi, Tata."

Mama alimzaba kofi, la kwanza tangu amzae, kisha akaingia ndani kumtafutia sweta. Alimvisha mwenyewe kama mtoto, na akizungumza na baba hakumtazama. "Ukimwacha huko, usirudi kwangu."

Waliondoka wameshikana mikono.

Sasa simu zao zote mbili hazipatikani. Kila jioni mama anapakua chakula chao na kukifunika. Anasema mambo ya jeshi huwa marefu, pengine wakubwa wanamsikiliza kijana, pengine baba anamngoja watoke pamoja. Jana mtu wa boda aliniambia amemwona baba mjini Wote, peke yake, amekodi chumba nyuma ya soko. Mama sijamwambia.